Safari ya vyuo kutoka Mwanza: kampasi nne, siku kumi na dereva mmoja

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buswelu, Mwanza. Binti yetu wa kwanza yupo Kidato cha Tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni, na atarudi nyumbani likizo ya Juni. Tumepanga kumchukua kwa gari letu, Noah, tukamwoneshe vyuo vikuu vya Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam kabla hajaanza Kidato cha Sita. Tuna siku kumi. Dereva ni baba yao peke yake. Tutakuwa na mdogo wake wa Kidato cha Pili, wa mwisho aliye darasa la tatu, na bibi yao ambaye amekwisha kusema haachwi. Binti anataka udaktari. Baba yake angependa akasome Dar, mimi ningependa abaki karibu. Nimeorodhesha vyuo tisa. Tupange vipi?"

Marahaba, Mama. Nianze na jambo ambalo mmelipatia, labda bila kukusudia, nalo ni mwezi. Wazazi wengi hufikiria safari ya namna hii baada ya mtoto kumaliza mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei, na hapo ndipo mipango inapogongana: vijana wengi wanaitwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya mujibu wa sheria, na anayebaki nyumbani akienda chuoni Agosti au Septemba anakuta wanafunzi wamefunga. Yamenikuta mimi mwenyewe. Nilimpeleka kijana wangu kwenye chuo kimoja mwishoni mwa Septemba, tukapokewa na mlinzi na mbuzi watatu waliokuwa wakila majani mbele ya maktaba, na katika saa mbili tulizozunguka hatukupata mwanafunzi hata mmoja wa kumuuliza swali. Kijana aliporudi nyumbani alichokikumbuka ni chipsi kuku za hotelini. Juni, kati ya Kidato cha Tano na cha Sita, muhula wa pili wa vyuo vingi bado unaendelea na mitihani ya mwisho kwa kawaida huwa mbele yake, hivyo kumbi za mihadhara zina watu. Hata hivyo, msiondoke kabla ya kuangalia almanaka ya kila chuo kwenye tovuti yake, kwa sababu tarehe husogea mwaka hadi mwaka.

Sasa orodha yako ya vyuo tisa. Ninakushauri uikate ibaki minne, na cha kwanza kati ya hivyo vinne hakihitaji safari. Mtoto wa PCB anayesema anataka udaktari, aliyekulia hapa Ilemela, Mwanza, hawezi kupelekwa Muhimbili kabla hajapanda kilima cha Bugando. Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, ambacho watu wa hapa tunakiita Bugando tu, kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na kimeshikamana na hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Nendeni siku ya kazi, saa moja asubuhi, wiki moja kabla ya safari. Simameni karibu na lango kwa nusu saa bila kuuliza kitu. Mtawaona wanafunzi wakipanda kilima, koti jeupe limekunjwa mkononi, wengine wakitafuna andazi huku wakisomeana maswali kutoka kwenye daftari, na pembeni yao ndugu wa wagonjwa wakiwa wamebeba vyakula kwenye hotipoti. Binti akiona hayo kwa macho yake, atakuwa na kipimo cha kulinganishia kila kampasi atakayoiona mbele, na wewe utakuwa umemtendea haki baba yake, kwa sababu "karibu na nyumbani" itakuwa imewekwa mezani kama chuo chenye sura yake, badala ya kuwa ombi la mama tu.

Siku hiyohiyo, mkipenda, shukeni na yule wa Kidato cha Pili hadi Malimbe, kwenye kampasi kuu ya Mtakatifu Agustino, barabara ya Shinyanga. Hapo ndipo wengi wa watangazaji na waandishi wa habari wa kanda hii walipopitia. Kwake yeye saa moja inatosha. Bado ana miaka ya kubadilisha mawazo.

Vyuo vitatu vilivyobaki vimepangwa na barabara yenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam. Vyote vinampokea mtoto wa PCB, na kila kimoja kinamwonesha jambo ambalo vingine havina. Huenda ukashangaa kwa nini naweka chuo cha kilimo kwenye safari ya mtoto anayetaka udaktari wa binadamu. Sababu yangu ni alama. Sifa ya chini ya kuomba shahada ya udaktari ni ufaulu wa masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa angalau D katika kila somo, yaani jumla ya alama 6, kwa kuwa A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Lakini hiyo ni sifa ya kuruhusiwa kuomba. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hivyo wanaochaguliwa, hasa katika vyuo vya umma, huwa na alama zilizo juu sana ya hapo. Mtoto mwenye mlango mmoja tu kichwani akiukosa hubabaika, na hujaza fomu kwa kubahatisha. Sokoine ndipo yanapofundishwa matibabu ya mifugo, miaka mitano kama udaktari wa binadamu, pamoja na sayansi ya chakula na lishe. Nimewaona vijana waliokwenda pale kwa shingo upande wakatoka wakiwa wameipenda ng'ombe kuliko walivyowahi kuupenda utabibu. Muache aione.

Barabara ni ndefu na dereva ni mmoja, na hapa ndipo penye uzito kuliko uteuzi wa vyuo. Kutoka Mwanza hadi Dodoma ni kama kilomita 700, Dodoma hadi Morogoro kama 260, na Morogoro hadi Dar es Salaam kama 190. Wapo watakaowaambia kwamba wao huondoka Mwanza alfajiri wakalala Dodoma. Wanaweza, ila baba mwenye bibi na mtoto wa darasa la tatu ndani ya gari, na anayetakiwa kesho yake awe na akili ya kumsikiliza ofisa udahili, asijaribu. Ondokeni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mpite Shinyanga, Tinde, Nzega na Igunga, mpande mlima wa Sekenke kukiwa bado kweupe, mlale Singida. Hizo ni kama kilomita 450, na zinatosha kabisa. Jumapili mtamalizia Manyoni na Bahi kwa utulivu, mfike Dodoma mchana. Katika vijiji kibao cha 50 kinamaanisha 50, na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hukaa mahali ambapo dereva anadhani kijiji kimekwisha; faini siku hizi hulipwa kwa namba ya malipo kwenye simu, lakini muda mliopoteza haurudishwi. Wakati wa kurudi, Sekenke mtaishuka, kwa hiyo baba ashuke na gia ndogo, asitegemee breki pekee.

Matairi yakaguliwe wiki moja kabla, pamoja na la akiba. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi mwanga viwemo garini. Kwa mafuta, Noah yenye watu sita na mizigo nihesabie kilomita kumi kwa lita moja. Kwa mpango nitakaoueleza hapa chini mtatembea kama kilomita 2,100 kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya mjini, yaani lita 210, na ongezeni 20 za tahadhari. Bei elekezi za mafuta za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, basi fanyeni hesabu ya fedha baada ya tangazo la Juni.

Chakula cha njiani mnakijua kuliko mimi: michembe ya viazi vitamu, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha na maji ya kutosha. Neno moja tu kuhusu samaki. Kila anayetoka Mwanza huagizwa sato na ndugu wa Dodoma na Dar, na kila mwaka namsikia mtu aliyepakia ndoo ya samaki na barafu nyuma ya gari la familia, barafu ikayeyuka Nzega, na harufu ikawafuata hadi kwenye geti la chuo. Pelekeni dagaa waliokaushwa, au semeni hapana.

Jumatatu ni ya Dodoma. Chuo kile, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetandazwa juu ya vilima nje ya mji, na ndaki zake, yaani koleji zinazokiunda, zimeachana kiasi kwamba mgeni anayeingia bila kujua anakwenda ndaki ipi anaweza kuzunguka asubuhi nzima akiona majengo tu. Ulizeni moja kwa moja sehemu ya tiba, karibu na Hospitali ya Benjamin Mkapa ambayo ipo ndani ya eneo la chuo. Halafu acheni gari. Binti atembee kwa miguu kutoka bwenini hadi ukumbi wa mihadhara, jua la Dodoma likiwa utosini, na atazame saa. Kutembea huko kutamfunza zaidi ya kipeperushi chochote, kwa sababu ndivyo atakavyoishi kwa miaka mitano kama akichaguliwa pale.

Jumanne mwende Morogoro kupitia Kibaigwa, Gairo na Dumila. Kabla ya kufika mtapita Dakawa, mahali Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Chuo mtakachokiona kesho yake kilianzishwa mwezi Julai mwaka huohuo na kupewa jina lake. Bibi atakuwa anaikumbuka siku hiyo vizuri, basi mwacheni awasimulie wajukuu mkiwa njiani, na baba apunguze mwendo. Jumatano muwe Sokoine tangu asubuhi, chini ya milima ya Uluguru. Kama muda utabaki, nendeni pia Mazimbu, kwenye kampasi ya Solomon Mahlangu, ambayo zamani ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na wakaikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Yule wa Kidato cha Pili anasoma Historia. Hapo ndipo safari itakapokuwa yake pia.

Dar es Salaam msiende na gari. Najua baba hatapenda kusikia hivyo. Hata hivyo kipande cha Chalinze hadi Kimara, na baadaye foleni za mjini, humchosha dereva kuliko kilomita zote za kutoka Singida, na Upanga penyewe, iliko Muhimbili, kupata maegesho ni kazi. Treni ya umeme ya SGR ilianza kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyoanza nayo ilikuwa shilingi 13,000. Angalieni ya sasa na mkate tiketi mapema, kwa sababu siku za likizo hujaa. Liacheni gari Morogoro mahali penye ulinzi, mpande treni Alhamisi asubuhi, na dereva wenu apumzike siku mbili. Bibi na mdogo wanaweza kubaki Morogoro, ingawa nashuku kwamba bibi akisikia habari ya treni ya umeme hakuna atakayembakiza.

Muhimbili iwe Ijumaa, saa mbili asubuhi, ili mmalize kabla ya mchana, maana Ijumaa ofisi hupungua watu wakati wa swala na baadhi huchelewa kurudi. Shule ya udaktari ya pale ilianza mwaka 1963 na imekuwa chuo kikuu kamili tangu 2007. Hapo baba ataona anachokitamani, na wewe utaona gharama ya chumba Dar es Salaam. Jumamosi mrudi kwa treni, mlichukue gari na kulala Dodoma. Jumapili mkalale Nzega au Shinyanga, na Jumatatu mchana mtakuwa Usagara, karibu kabisa na nyumbani.

Msitokee getini bila taarifa. Wiki tatu kabla, baba au wewe andikeni barua fupi kwa ofisi ya udahili na nakala kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika kila chuo, mtaje siku, idadi yenu, tahasusi ya mtoto na programu anazotaka kuziulizia, kisha mpige simu kuthibitisha. Mje na vitambulisho. Ofisi hizo zitawaeleza ada na sifa, mambo ambayo mengi yamo pia katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho mnaweza kukipakua bure. Kwa hiyo msitumie saa zenu zote ofisini. Nendeni kwenye mbao za matangazo. Kule ndiko maisha yalikoandikwa: chumba kinapangishwa, maji yapo, kodi miezi sita, wanaotafuta wa kuchangia chumba, majina ya wanaotakiwa kumwona mhasibu. Nendeni mkale chakula cha mchana wanakokula wanafunzi, kwa mama lishe wa nje ya geti au kantini, na mlipe kwa bei yao.

Binti atafute mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, si wa kwanza, kwa sababu wa kwanza bado anasifia. Amuulize mambo haya na ayaandike: kikundi chake cha maabara kina watu wangapi, na je, kila mmoja hushika kifaa au wengine hutazama, ni wangapi katika darasa lake waliopata hosteli baada ya mwaka wa kwanza, na fedha ya Bodi ya Mikopo ikichelewa, hula nini. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wao huiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo wa 2022/23, na mwanafunzi mkweli atakuonesha kwa vidole inavyogawanyika Dodoma na inavyogawanyika Upanga. Kumbuka pia kwamba ada ya udaktari katika chuo binafsi, Bugando ikiwemo, ni kubwa mara mbili na zaidi ya ile ya chuo cha umma, kwa hiyo "karibu na nyumbani" nako kuna hesabu yake.

Wakati huo wote ninyi wazazi mkae mbali, chini ya mti, mnywe soda. Nakusihi sana, Mama, jambo hili lishike. Mwanafunzi hatasema ukweli kuhusu maji kukatika bwenini akiwa anatazamwa na baba mwenye suti, na binti hatauliza habari za usalama wa wasichana usiku akiwa pembeni yako. Na kwa kuwa umeniambia wazi kwamba wewe na mwenzako mnavutia pande mbili, gari lisigeuzwe baraza la kusikiliza kesi. Wekeni sharti kabla ya kuondoka: mkitoka kwenye kampasi, hakuna mtu mzima anayesema neno juu ya chuo kile hadi binti awe ameandika kurasa zake. Mnunulieni kaunta buku, chuo kimoja kurasa nne: alichokiona, alichoambiwa na nani, gharama alizosikia, na programu tatu ambazo angeziomba pale kwa mpangilio wa upendeleo wake. Baada ya hapo semeni mnavyotaka.

Kaunta buku hiyo ina kazi kubwa kuliko unavyodhani, na ndiyo hasa inayonifanya niiunge mkono safari yenu. Mwaka kesho matokeo yatakapotoka, kwa kawaida Julai, dirisha la maombi litafunguliwa, na maombi siku hizi hupelekwa moja kwa moja kwa kila chuo. Atakayechaguliwa na zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri ndani ya siku chache. Maombi ya mkopo nayo yana muda wake. Katika majuma hayohayo binti yako anaweza kuwa kambini JKT, amenyoa nywele, hana simu, na atakayekaa mbele ya kompyuta pale kwenye kibanda cha intaneti Buswelu, ukiulizwa chaguo la kwanza, la pili na la tatu, ni wewe.

Kwa hiyo mkirudi, aisaini kila orodha yake ya programu na kuandika tarehe, halafu kabla hajarudi shuleni muiweke kwenye faili moja na cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha Kidato cha Nne na picha ndogo za pasipoti. Majina yake yalinganisheni herufi kwa herufi katika vyeti vyote viwili wakati angali nyumbani. Likiwapo kosa, Juni hii mna mwaka mzima wa kulirekebisha.